Kura ya ridhaa ndani ya wiki: sahihi ukurasani, visanduku vilivyo wazi au kura ya siri?

Kikundi chetu hukutana Jumamosi mbili za kila mwezi katika chumba cha kukodi huko Sinza, Dar es Salaam, na kazi yake ni kutunza wiki, yaani tovuti ambayo watumiaji wenyewe huweza kuihariri, ya istilahi za kompyuta kwa Kiswahili. Mzozo uliotusumbua kuliko yote ulihusu jina la zile herufi ambazo mtu huziandika ili akaunti yake ifunguke. Wapo waliotaka nywila, wapo waliotaka nenosiri, wapo waliosema kwamba neno la siri linatosha, na kijana mmoja mwenye kibanda cha kutengeneza simu Kariakoo alishikilia kwamba wateja wake wote husema paswedi. Tulipopiga kura ya neno moja kwa kila mtu, kura ziligawanyika mafungu manne, na neno lililoongoza halikufikisha hata nusu ya waliokuwapo. Walioshindwa walikuwa wengi kuliko walioshinda, na mjadala ukaanza upya Jumamosi iliyofuata.

Hapo ndipo tulipogeukia kura ya ridhaa. Katika kura hii mpiga kura hutia alama ya vema kwenye kila chaguo analoliridhia, liwe moja, mawili au matatu, na chaguo linaloshinda ni lile lililoridhiwa na watu wengi zaidi. Wataalamu wa siasa wanaifahamu vizuri tangu Steven Brams na Peter Fishburn walipoichambua mwaka 1978, na miji michache ya Marekani imeitumia katika chaguzi zake: Fargo ilianza mwaka 2020, kabla ya jimbo la North Dakota kuipiga marufuku mwaka 2025, na St. Louis ilianza mwaka 2021. Hapa kwetu wengi wameshaizoea bila kuipa jina, kwa sababu kura za WhatsApp, zilizoingia mwishoni mwa mwaka 2022, huruhusu mtu kugusa jibu zaidi ya moja asipozuiwa na aliyeziandaa.

Ugumu huanza pale mtu anapotaka kuiingiza kura hiyo ndani ya programu ya wiki yenyewe, iwe MediaWiki, DokuWiki au nyingine. Zipo njia tatu kuu za kuisanifu, na nimefanya kazi na zote tatu. Kabla ya kuzilinganisha, niondoe mkanganyiko mmoja. Programu nyingi za wiki zina uwezo wa kuidhinisha toleo la ukurasa, ambapo mtu mwenye mamlaka hulipitisha toleo fulani ili wasomaji wa kawaida walione. Wikipedia ya Kijerumani imekuwa na utaratibu wa namna hiyo tangu mwaka 2008. Huo ni muhuri wa mhakiki; ninachozungumzia hapa ni uamuzi wa kikundi kizima.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza, na kwa maoni yangu ndicho kinachozidi vingine vyote uzito, ni hatima ya kura pale chaguo linapobadilika. Katika uchaguzi wa kawaida, jina la mgombea halibadiliki baada ya wewe kutoka kituoni. Katika wiki kinachopigiwa kura mara nyingi ni maandishi, na maandishi hayo yanaweza kuhaririwa na yeyote saa moja baada ya wewe kuyaridhia. Aliyeridhia pendekezo lenye aya mbili Jumatatu anaweza kujikuta Alhamisi jina lake liko chini ya pendekezo lenye aya tano, ambalo hajawahi kulisoma. Msanifu asiyelijibu swali hili mapema atalijibu baadaye kwa kusuluhisha ugomvi.

Cha pili ni maana ya nafasi iliyoachwa tupu. Chaguo jipya likiongezwa katikati ya kura, waliokwisha kupiga hawakulikataa, hawakuliona. Ukigawanya ridhaa za chaguo hilo kwa idadi ya wapiga kura wote, unaliadhibu kwa kuchelewa kuzaliwa. Hapohapo ni vyema kukumbuka kwamba asilimia ya kura ya ridhaa hupatikana kwa kugawanya kwa idadi ya watu waliopiga, si kwa jumla ya alama za vema, na kwa hiyo asilimia za machaguo yote zikijumlishwa huweza kuzidi mia bila kosa lolote.

Cha tatu ni namna ya kumtambua mpiga kura, cha nne ni uwazi au usiri, na cha tano ni gharama ya kujenga na kutunza, ikiwa ni pamoja na bando la anayefungua ukurasa kwa simu akiwa ndani ya daladala.

Njia ya kwanza: sahihi ukurasani

Njia hii haihitaji programu yoyote mpya. Kila chaguo hupewa kichwa chake kwenye ukurasa wa majadiliano, na anayeliridhia huandika chini yake alama nne za kiwimbi, ~~~~, ambazo MediaWiki huzigeuza kuwa jina lake pamoja na saa na tarehe. Anayeridhia machaguo matatu hutia sahihi mara tatu.

Kuhusu chaguo linalobadilika, njia hii ina kumbukumbu kamili lakini haina kinga. Historia ya ukurasa huonyesha nani aligusa nini na lini, ila hakuna kinachomzuia mtu kugusa. Katika kura yetu ya pili, mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa ya kupatanisha, alikibadilisha kichwa kilichosomeka «nywila» kikawa «nywila au neno la siri», huku sahihi tisa zikiwa tayari chini yake. Kwa mtazamaji aliyefika baada ya hapo, watu tisa walikuwa wameridhia kitu ambacho hakikuwapo walipotia sahihi. Tulitumia jioni nzima kufungua historia, kulinganisha toleo baada ya toleo, na kumpigia simu kila aliyetia sahihi ili kumuuliza alikusudia nini. Wawili walisema kwamba hawakumbuki.

Nafasi tupu haina maana yoyote inayosomeka: jina lisilokuwapo chini ya chaguo linaweza kuwa la aliyekataa, la ambaye hakuona, au la aliyesafiri kwenda Mafia. Utambuzi wa mpiga kura unategemea akaunti zilizopo na macho ya wenzake, jambo linalotosha pale ambapo watu wanafahamiana.

Kuhusu uwazi, ni muhimu kusema jambo ambalo wasanifu wa mbali huwa hawalioni. Orodha ya sahihi husomwa kutoka juu kwenda chini, na jina la kwanza lina uzito wake. Katika kikundi chenye mzee anayeheshimiwa, anayeamkiwa shikamoo na kila aingiaye mlangoni, kijana akishaliona jina la mzee huyo chini ya nenosiri hataandika kwa urahisi kwamba nenosiri halimridhishi. Kura ya ridhaa hulipunguza tatizo hili kidogo, kwa sababu kijana anaweza kuliridhia chaguo la mzee pamoja na lake mwenyewe bila kumvunjia adabu, lakini hailiondoi. Kwa upande mwingine, njia hii ina faida ambayo hizo nyingine mbili hazina: mtu huandika sababu yake pembeni ya sahihi. Mara kadhaa nimeona sentensi moja iliyoandikwa hivyo ikiwafanya watu watatu wabadili msimamo.

Gharama ya kujenga ni sifuri, ila ya kuendesha haipuuziki. Watu wawili wakitia sahihi kwa wakati mmoja mahali pamoja hupata mgongano wa uhariri, na yule wa pili, hasa akiwa kwenye simu ndogo, mara nyingi hukata tamaa na kufunga. Kuhesabu ni kwa mkono.

Inawafaa wachache wanaofahamiana, pengine wasiozidi ishirini, wanaothamini hoja kuliko hesabu.

Njia ya pili: visanduku vilivyo wazi

Hapa ukurasa unakuwa na fomu yenye visanduku, kimoja kwa kila chaguo, na kura huhifadhiwa mahali pake mbali na maandishi ya ukurasa. Mpiga kura anaweza kurudi na kubadilisha alama zake wakati wowote, jumla huonekana papo hapo, na chaguo jipya linaweza kuongezwa siku yoyote. Hii ndiyo njia inayoendana zaidi na tabia ya wiki, na kwa sababu hiyohiyo ndiyo inayomdai msanifu fikra nyingi zaidi.

Siri ya kuisanifu vizuri ni kutohifadhi alama ya vema peke yake. Kila kura iandikwe pamoja na namba ya toleo la chaguo lililoridhiwa, na pamoja na orodha ya machaguo yote yaliyokuwa yakionekana wakati mtu anabofya. Rekodi ya kwanza inakijibu kigezo cha kwanza: chaguo likibadilishwa, programu inajua ni kura zipi zilipigwa kwa maandishi ya zamani. Rekodi ya pili inakijibu kigezo cha pili: programu inaweza kutofautisha kati ya aliyeliona chaguo akaliacha na ambaye halikuwapo alipopiga, hivyo asilimia ikakokotolewa kwa walioliona tu, huku idadi yao ikionyeshwa pembeni ili chaguo lililoonwa na watu watatu lisijitape kuwa na asilimia mia.

Kisha linabaki suala la nini kifanyike toleo linapobadilika. Kuifuta kura ni ukatili, kwa kuwa watu wengi hawatarudi kupiga tena kwa sababu ya nukta iliyosahihishwa. Kuiacha kama ilivyo ni kurudia yale ya sahihi tisa. Tuliloliona linafaa ni kuiweka kura katika hali ya kusubiri: inabaki ukurasani kwa rangi hafifu, mwenye kura anapata taarifa yenye maandishi ya zamani na mapya ubavuni kwa ubavu, na anaithibitisha au kuiondoa kwa mbofyo mmoja. Marekebisho ya tahajia yanaweza kuruka hatua hiyo, kwa kuwa MediaWiki tayari ina alama ya kuonyesha kwamba badiliko ni dogo. Hata hivyo, alama hiyo huwekwa na mhariri mwenyewe, na mwenye pendekezo lake daima huliona badiliko lake kuwa dogo. Basi mpiga kura yeyote apewe haki ya kupinga, na akipinga, kura zote za chaguo hilo ziingie kwenye kusubiri.

Udhaifu mkubwa wa njia hii ni huo uwazi wa jumla. Mtu anayelipenda nywila, lakini pia yuko radhi na nenosiri, akiona nenosiri linaanza kulipita nywila hushawishika kuiondoa ridhaa yake ya pili ili kulipunguzia mpinzani kasi. Wengi wakifanya hivyo, kura ya ridhaa hurudi kuwa kura ya chaguo moja, na faida yote hupotea. Tiba rahisi ni kuificha jumla hadi mtu apige, au kuonyesha idadi ya waliopiga tu. Udhaifu wa pili ni kwamba kura isiyo na mwisho haiamui kitu. Neno wiki lilitoka katika Kihawaii likiwa na maana ya haraka, na Ward Cunningham ndiye aliyelitumia kwa programu yake ya mwaka 1995. Kwa Kiswahili neno hilohilo ni siku saba, na mimi huwashauri wenzangu waifuate maana yetu, yaani matokeo yahesabiwe kuwa yamekamilika iwapo siku saba zimepita bila chaguo kuongezwa wala kubadilishwa.

Utambuzi unahitaji uangalifu. Kishawishi cha kwanza cha mjenzi ni kuzuia kura mbili kutoka anwani moja ya intaneti, na hapa Dar es Salaam hilo ni kosa, kwa sababu kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya pamoja, na ofisi nzima hutumia modemu moja. Kigezo cha haki zaidi ni akaunti iliyofunguliwa kabla kura haijatangazwa na yenye uhariri kadhaa.

Kwa gharama, kazi ni ya mwandishi wa programu kwa majuma kadhaa, na matunzo kila programu mama inaposasishwa. Fomu itengenezwe kwa visanduku vya kawaida vinavyofanya kazi bila skripti nzito, ili simu ya bei nafuu iifungue bila kumaliza bando. Wanaotumia DokuWiki, ambayo huhifadhi kurasa kama mafaili ya maandishi bila kanzidata, wahakikishe faili la kura linafungwa wakati mmoja anapoandika, la sivyo kura mbili za wakati mmoja huweza kufutana.

Inawafaa wenye maamuzi mengi madogo yanayoendelea: istilahi, majina ya kurasa, mpangilio wa vipengele, tarehe za mikutano.

Njia ya tatu: kura ya siri yenye mwisho

Katika njia hii machaguo hufungwa, daftari la wapiga kura hufungwa, siku ya kuanza na ya kumaliza hutangazwa, na hakuna anayeona jumla kabla ya muda kwisha. MediaWiki ina kiendelezi, yaani programu ya nyongeza, kiitwacho SecurePoll kwa kazi hii, na Wikipedia ya Kiingereza huchagua kamati yake ya usuluhishi kwa siri tangu mwaka 2009. Mtu anaweza kupiga tena kabla ya muda kwisha, na kura ya mwisho ndiyo inayohesabiwa.

Swali la chaguo kubadilika hujibiwa kwa katazo: halibadiliki. Hilo ni jibu safi, lakini lina bei yake. Likionekana kosa la maana siku ya pili, ama mnaendelea nalo ama mnaanza upya. Nafasi tupu nayo inasomeka vizuri zaidi, kwa kuwa kila mtu aliona karatasi ileile. Wanaotaka usahihi zaidi wanaweza kuweka safu tatu, yaani naridhia, sina upande na nakataa, kama ambavyo wanajumuiya wa Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, walivyofanya katika kuchagua wajumbe wa bodi mwaka 2013, kabla ya kuhamia mfumo mwingine mwaka 2021. Binafsi naona safu tatu zinafaa kwa watu, lakini kwa maneno na mapendekezo zinamchosha mpiga kura bure.

Usiri ndio sababu ya kuichagua njia hii, lakini katika kikundi kidogo usiri ni mwembamba kuliko unavyodhaniwa. Machaguo yakiwa manane, kuna namna 256 za kutia alama, na kikundi cha watu kumi na wawili kikichapisha kura moja moja bila majina, mara nyingi wenzake watamtambua mtu kwa mpangilio wa alama zake. Basi ichapishwe jumla tu. Tena daftari lenye majina na namba za simu ni taarifa binafsi, na anayelitunza aisome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Gharama ni ya juu kuliko zote. Anahitajika mtu mwenye ruhusa ya kuingia kwenye seva, ufunguo wa kufungulia kura zilizofichwa unahitaji mtunzaji asiyehusika na matokeo, na sababu za wapiga kura hazionekani popote.

Inawafaa wanaochagua watu, wanaogawa fedha, na wale ambao tofauti ya umri au cheo kati yao inaweza kuwafunga midomo.

Uchague lipi, kwa hali yako

Ikiwa kikundi ni kidogo, hakina mwandishi wa programu, na mnachokihitaji ni kusikilizana, tumieni sahihi ukurasani, ila wekeni kila chaguo kwenye ukurasa wake unaoweza kufungwa na mkabidhi, yaani msimamizi wa wiki, mara tu sahihi ya kwanza inapoandikwa. Hatua hiyo moja ingetuokolea jioni ile.

Ikiwa mna maamuzi kumi kwa mwezi na mtu wa kuandika programu, jengeni visanduku, na msikubali kuvipokea kutoka kwa mjenzi kabla hajawaonyesha kinachotokea chaguo likihaririwa baada ya kura tano kupigwa. Mwombeni afanye hivyo mbele yenu, kwenye simu, siyo kwenye kompyuta yake.

Ikiwa mnamchagua mkabidhi mpya au mnaamua nani apewe nauli ya mkutano, chukueni kura ya siri hata kama mko tisa tu. Ikiwa pendekezo ni refu na bado linaandikwa, tumieni njia mbili kwa zamu: visanduku wakati wa kuliandika, ili ionekane ni toleo lipi linaelekea kukubalika, kisha kura iliyofungwa kwa toleo la mwisho.

Na mkiwa bado mmekwama, chukueni mzozo mmoja wa kweli, gawaneni vipande vya karatasi mkutanoni, kila mtu aandike anayoyaridhia na kukunja. Fungueni, someni jumla kwa sauti, halafu waulizeni wenzenu kama yupo anayetaka kubadilisha. Wakiinua mikono wengi ili kuongeza ridhaa, visanduku vilivyo wazi vitawasaidia. Wakiinua ili kuondoa, jumla ifichwe hadi mwisho. Na wakitazama sakafuni huku kila mmoja akingoja mwingine aanze, tafuteni mtu wa seva.